Jani Lililozama

Jani la yungiyungi likikatwa huelea. Hilo halina ubishi, hata mtoto anayechezea beseni atakwambia. Sasa mchana ule Mapezi alikata majani ya yungiyungi kwenye tangi la samaki, sebuleni kwa wakwe zake watarajiwa, akayadondosha kwenye ndoo ya maji kama alivyozoea, akageuka kuchukua kitambaa. Aliporudisha macho, juu ya ndoo hapakuwa na kitu. Majani yote yalikuwa chini. Yamelala kwenye kitako cha ndoo, bapa, uso juu, yamepangana kama watu waliotega masikio kusikiliza ugomvi wa jirani.

Alilichokoa moja kwa ncha ya mkasi. Likanyanyuka kidogo, kisha likarudi chini taratibu, kama mlevi aliyeamshwa akakataa.

"Umenyamaza," sauti ya Sindano ikatoka nyuma ya pazia, huko kwenye cherehani. "Ukinyamaza wewe, ujue kuna kitu kimevunjika."

"Hakijavunjika kitu."

"Basi umekufa. Mama, njoo, mkwe wako kafia kwenye tangi."

Mapezi alikuwa fundi wa matangi ya samaki. Alisafisha ya hotelini, ya zahanati, ya majumba ya wenye nazo, na kwa maelezo yake mwenyewe hapakuwa na samaki mjini asiyemjua kwa sura. Shule aliiacha mapema, na shule haikumtafuta. Lakini mpe tangi lililogeuka kijani kama sare ya mlinzi, atakurudishia maji yanayong'aa mpaka ujione jino bovu. Hapo hata adui yake alikubali. Sindano, mchumba wake, alikuwa fundi cherehani. Mwembamba, ulimi wa kuchoma, jina likamkaa lenyewe. Mvua zikikatika wangeoana. Wanaume wengine huleta maua ya karatasi. Mapezi alimletea mchumba tangi zima la kioo, samaki wadogo wameremetao, na katikati yake yungiyungi moja la rangi ya damu ya mzee.

Na yungiyungi ni mmea mtamu lakini msumbufu. Ukiliwekea taa nzuri na chakula kidogo cha mizizi, linakua mpaka linakutia aibu mbele ya wageni. Leo kikonyo kipo chini, kesho kimefika juu, keshokutwa jani limejitandaza juu ya maji kama mwenye nyumba, limeziba taa, na majani madogo yote ya chini yanakufa kwa giza. Kwa hiyo unakata. Hukati katikati, maana kipande kinachobaki kitaoza na kuchafua maji. Unazamisha mkono mpaka begani, unakifuata kikonyo kwa vidole mpaka kwenye kiazi, unakata hapo hapo shinani. Marefu yanatoka, mafupi yanabaki, mmea unajifunza adabu. Mapezi alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi mpaka mkono ulikuwa hauhitaji ruhusa ya kichwa.

Akarudi kwenye tangi kujaribu tena. Akachagua kikonyo kimoja kirefu, akakikata. Kutoka kwenye shina lililobaki vikatoka viputo, kimoja baada ya kingine, mstari mwembamba kama uzi wa fedha kwenda juu. Hilo halikumshtua. Mmea wenye afya ukikatwa hutoa hewa.

Nyuma ya pazia cherehani ikasimama. Sindano akakohoa, kikohozi kikavu, kama mtu aliyemeza kipande cha uzi.

"Unaumwa?"

"Vumbi la kitambaa. Endelea kuosha watoto wako."

Mapezi akaliangusha jani kwenye ndoo. Likazama.

Akainamia tangi, akanusa. Maji hayakunuka samaki. Yalinuka nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi. Mtu ametia kitu humu, akawaza. Na jibu likamjia haraka, maana jibu lenyewe lilikuwa limekaa koridoni, mezani, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho.

Baba mdogo wa Sindano alikuwa fundi saa. Tangu baba mzazi afariki, yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kiume ndani ya nyumba, na sauti hiyo ilikuwa haimpendi Mapezi. Siku posa ilipoletwa aliuliza, mbele za watu, mwanaume anayeishi kwa kuosha mavi ya samaki atamlisha nini mke. Watu wakacheka. Mapezi naye alicheka, lakini aliliweka moyoni.

"Baba mdogo," akasema sasa, akijifuta mkono, "kuna mtu amegusa tangi langu?"

Mzee hakuinua kichwa. "Kama mimi ningekuwa mtu wa kugusa vitu vyako, kijana, ningeanza na mdomo."

*

Wiki hiyo hiyo Mama akapiga simu. Mama yake Sindano hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo, na alipopiga alinong'ona kama mtu anayesengenya akiwa ndani ya nyumba ya anayemsengenya.

"Mkwe, njoo uone jani lako."

"Limefanya nini, mama?"

"Limefungua mfuniko."

Mapezi akacheka. Alipofika akaacha kucheka.

Vikonyo alivyovikata shinani vilikuwa vimerudi vyote, vinene kuliko vya mwanzo. Kimoja kilikuwa kimeusukuma mfuniko wa kioo pembeni na kutoka nje ya maji, na jani lake lilikuwa limesimama wima hewani, kubwa kama sahani, linachuruzika. Mmea hufuata taa, ndiyo kanuni. Taa ilikuwa juu yake. Jani lilikuwa limeipa taa kisogo, limegeukia pazia la chumba cha kushonea.

Samaki walikuwa wamejibana kwenye kona moja, vichwa kwenye kioo, wanapiga mapezi bila kwenda popote. Walikuwa kama watu kwenye mlango uliofungwa.

Nyuma ya pazia cherehani haikulia. Sindano alikuwa amelazwa kwenye mkeka katikati ya vitambaa vyake, mto mgongoni, mdomo wazi. Alipomwona mchumba wake alijaribu kumchoma kama kawaida, ila maneno yalitoka vipande vipande.

"Umekuja... kuniona mimi... au hao samaki?"

"Nimekuja kwa samaki. Wewe nimekukuta tu."

Akatabasamu. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepandisha ngazi na gunia. Mama akaeleza huku anakunja kanga mikononi: hospitali wamekwenda, daktari kasikiliza mapafu, kapiga picha, kasema ni safi kama sahani mpya. Wamempa dawa. Dawa kamaliza. Pumzi ndiyo inazidi kupungua.

"Akilala namwekea kioo puani," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Kioo kinapata ukungu kidogo tu, mkwe. Kidogo tu."

Mapezi akarudi sebuleni akiwa na hasira, maana hasira ilikuwa rahisi kuishika kuliko hofu. Na pale juu ya mfuniko wa tangi akakiona kibano. Kibano kidogo cha chuma, cha fundi saa.

Akakichukua, akaenda nacho koridoni, akakiweka mezani katikati ya saa zilizofumuliwa.

"Hiki kimefuata nini kwenye tangi langu?"

Baba mdogo akatoa kioo jichoni. Bila kile kioo alionekana mzee zaidi, na alionekana hajalala.

"Punguza sauti, asisikie. Kaa."

"Sikai. Unatia nini kwenye maji? Unataka samaki wafe, nionekane sijui kazi, harusi ife. Na huyo mtoto anavuta hewa ya hiyo sumu yako, unaona alivyo?"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi malizia kwa kutembea. Njoo nikuoneshe."

Walisimama mbele ya tangi. Saa nyingi za koridoni zilikuwa zikigonga kila moja kivyake, na mzee akarudi kufunga mlango wa korido, na sebule ikabaki na sauti ya pampu peke yake. Akaichomoa pampu kwenye umeme.

"Mimi kazi yangu ni kusikiliza vitu vidogo," akasema. "Wewe kazi yako ni kusema, najua, lakini jaribu."

Mapezi akasikiliza. Kwenye shina la jani alilolikata siku ile viputo vilikuwa bado vinatoka. Hilo peke yake lilimfanya amwangalie mzee. Shina lililokatwa hutoa hewa kidogo, kisha hufunga, kama jeraha. Hili lilikuwa bado wazi. Kiputo kilipanda, kikafika juu, kikapasuka kwa sauti ndogo ya midomo inayoachana. P. Kimya. P. Kimya. P.

"Sasa msikilize yeye," mzee akanong'ona.

Nyuma ya pazia Sindano alikuwa anahema. Pumzi. Kimya. Pumzi. Kimya. Na Mapezi, ambaye hakuwa na sikio la saa, alihitaji muda mfupi tu kuelewa kwamba hapakuwa na sauti mbili chumbani mle, ilikuwa moja, na ilikuwa inatokea pande mbili.

Baba mdogo akakunja mkono wa shati, akakiingiza kibano ndani ya maji polepole mpaka kwenye lile shina, akalibana. Na viputo vikakatika, na nyuma ya pazia pumzi ya Sindano nayo ikakatika, si mwishoni kama mtu aliyemaliza kuhema bali katikati, kama wimbo wa redio uliozimwa, na ukimya ule ukakaa, ukazidi kukaa, mpaka Mapezi akasikia kisigino cha Sindano kikisugua mkeka huko ndani, kinasugua, kinatafuta pa kujishikiza, na lile jani kubwa lililosimama hewani likaanza kugeuka, kwa namna jani lisivyogeuka, likiacha kulitazama pazia na kuja kuwatazama wao.

"Achia," Mapezi akasema. "Baba mdogo, achia."

Mzee akaachia. P. Na ndani, Sindano akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

Mzee akatoa mkono majini, maji yakidondoka.

"Nilijua juzi," baba mdogo akasema. "Nilikuwa namsubiri aliyelileta, maana nilidhani umefanya makusudi. Sikulipenda hili dude tangu siku ya kwanza, na wewe sikukupenda kabla yake. Lakini yule ni mtoto wa kaka yangu. Ulilitoa wapi?"

"Dukani."

Mzee akakigonga kibano kwenye kioo cha tangi.

"Kwenye nyumba moja," Mapezi akasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia kiasi gani hakuna aliyeuliza. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka.

*

Mama alirudi na mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira na tochi ya kichwani. Mtaani walimwita Bi Kamba. Alikuwa mchimba visima, kazi aliyoirithi kwa mumewe pamoja na madeni ya udaku: watu walisema ameshazungumza na vitu huko chini. Yeye alisema anazungumza na vibarua tu, nao ndio wagumu zaidi kuelewa.

Hakuchoma chochote wala hakuimba. Alilizunguka tangi, akanusa maji, akatema nje ya dirisha, akamgeukia Mapezi.

"Nyumba gani?"

Mapezi akasimulia. Aliitwa kusafisha uwanja wa nyumba iliyokaa miaka bila mtu, nyuma kuna birika la maji lililopasuka, na chini ya birika, kwenye tope, kulikuwa na chungu kimefunikwa kifudifudi, juu yake jiwe. Akakifunua. Ndani mlikuwa na kiazi cha yungiyungi kimelala, hakina hata jani moja. Mtu mwingine angekitupa. Yeye, fundi, alijua kwamba kiazi cha yungiyungi kikikaa gizani hakifi, kinasinzia tu, na kikiwekewa taa kinaamka. Akakiweka mfukoni akipiga mluzi.

"Na hicho chungu kilijifunika chenyewe, au?" Bi Kamba akauliza. "Jiwe nalo lilipanda lenyewe kukaa hapo, limechoka miguu?"

Mapezi akatazama viatu vyake.

"Jini la maji haliuawi," Bi Kamba akasema. "Linalazwa. Aliyelilaza alijua kazi, akalinyima mwanga, likasinzia humo. Ukaja wewe na taa yako na chakula cha mizizi. Limeamka na njaa. Na kila ulipolikata, lilihitaji pumzi ya kuoteshea jani jipya, ikabidi livute kwa aliye karibu."

"Kwa hiyo nisingekata..."

"Usingekata lingetoka nje lenyewe mapema zaidi. Usijitafutie nafuu, nafuu hakuna. Sasa sikilizeni wote, hasa wewe mwenye mkasi. Linarudi gizani kabla jua halijazama. Linarudi zima. Hakuna kukata, hata mzizi mmoja. Limo kwenye kila jani kama damu ilivyo kwenye kila kidole. Zamani ukikata, kile kipande cha jini kilirudi kwenye kiazi, kwao. Leo kiazi kikishafunikwa, kipande kitakachobaki nje hakina kwao. Kitatafuta pa kukaa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema umeelewa nini."

"Sikati."

Walifunga madirisha. Baba mdogo akazima taa ya tangi. Bi Kamba akaweka sakafuni chungu kipana alichokuja nacho na mfuniko wake wa udongo, akaandaa kamba. Mapezi akavua shati, akazamisha mikono.

Changarawe ilikuwa ya baridi, baridi isiyo ya maji ya samaki. Mizizi ilikuwa imetambaa tangi zima, laini, mingi, kama nywele za mtu aliyelala chali, naye akaifungua mmoja mmoja kutoka kwenye mawe, kwa subira ambayo hakuna shule iliyowahi kuipata kwake, huku nyuma ya pazia pumzi ya Sindano ikizidi kuwa nyembamba, na sauti ya Mama ikihesabu kitu au ikiomba, haikusikika vizuri, na majani yakimpapasa usoni kila alipoinama, yakiwa na maji, yakiwa na ile harufu ya sanduku, moja likajilaza shavuni mwake na kutulia hapo kama kiganja cha mtu anayekufahamu.

Kiazi kikang'oka. Akakibeba na mizizi yake yote, akakiweka ndani ya chungu, akaanza kuyakunja majani juu yake. Yakakubali yote isipokuwa moja. Lile kubwa. Kikonyo chake kilikuwa kirefu na kigumu kama mpira wa bomba. Alikikunja, kikajikunjua. Alikizungusha, kikachomoka. Mfuniko ukakaa upande.

"Anakwenda," Mama akasema nyuma ya pazia. "Mkwe, anakwenda."

Bi Kamba alikuwa amegeuka kufungua fundo la kamba. Baba mdogo alikuwa amekimbilia kwenye pazia. Mwanga uliobaki ulikuwa wa ufa wa dirisha tu, na kwenye ufa huo Mapezi aliona kikonyo, akaona ukingo wa chungu, akaona mkono wake wa kulia, ule usiohitaji ruhusa, umeshachomoa mkasi mfukoni. Mkasi ukasema *chap*.

Mfuniko ukakaa sawa.

Nyuma ya pazia Sindano akavuta pumzi. Ndefu, nzito, ya kushuka mpaka tumboni, pumzi ambayo nyumba ile haikuisikia kwa siku nyingi. Kisha akaivuta nyingine. Mama akaanza kulia kwa sauti.

Bi Kamba akageuka na kamba. Akautazama mfuniko uliokaa sawa, kisha akamtazama Mapezi.

"Umekata?"

"Sijakata."

Jani lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa suruali yake, linamlowanisha paja.

Walilipeleka lile dude kwenye birika la nyumba tupu, wakalizika topeni, jiwe juu yake, jua likiwa bado jekundu. Aliporudi, Mapezi alikwenda nyuma ya nyumba ya wakwe peke yake, akajaza ndoo, akatoa jani mfukoni na kulidondosha. Likaelea. Likazunguka juu ya maji, jepesi, limejaa upepo, jani kama jani lolote. Jani la kawaida, akajiambia. Halina kitu ndani.

Halikuwa na kitu ndani. Hapo alisema kweli.

*

Sindano alipona mpaka akawa kero. Cherehani ilianza kulia alfajiri. Alijishonea gauni la harusi mwenyewe, akakataza watu wasilione, akamwonesha kila aliyepita. Ulimi wake ulirudi na makali mapya. Kwenye tangi Mapezi alipanda nyasi fupi tu, na samaki wakatawanyika tena kama watoto waliofunguliwa shule.

Kulikuwa na mambo madogo. Asubuhi Sindano alivuta kigoda chake karibu na dirisha la mashariki, mchana akakihamishia mlangoni, jioni dirisha la upande wa pili. Mama alisema ni mwanga wa kutungia uzi, macho ya mafundi ndivyo yalivyo. Maji alikunywa mengi. Na kikohozi hakukohoa tena kabisa, hata vumbi la kitambaa likijaa chumbani watu wote wakipiga chafya.

Baba mdogo alirudi kwenye saa zake. Ila mara kwa mara Mapezi aliinua macho na kukuta lile jicho lenye kioo linamtazama kutoka koridoni.

Jioni moja karibu na harusi walikaa wote mezani, na Sindano alikuwa anamtania mchumba wake kama kawaida, mikono hewani.

"Siku ya kwanza kaja hapa, hajakaa hata kwenye kiti, anamwambia mama: mimi samaki wote wa mji huu wanani..."

Umeme ukakatika.

Nyumba yote ikawa giza, na mtaa pia. Nje watu walilaani kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya mitaa yote duniani. Mama akacheka, akasema hao wa umeme nao wanasubiri mtu aweke kijiko mdomoni. Akainuka kwenda jikoni kupapasa mishumaa.

Mapezi alisubiri Sindano amalizie utani wake. Hakumalizia. Akasubiri acheke, alalamike, amkanyage mguu chini ya meza kama alivyozoea gizani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kimya, na si kimya cha mtu aliyenyamaza, maana mtu aliyenyamaza bado anahema, bado nguo zake zinasugua kiti, bado anameza mate. Hiki kilikuwa kimya cha kabati, cha kitu kilichowekwa, na kutoka kwenye kimya hicho ikaanza kumjia taratibu harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi, na alipopeleka mkono wake mezani kutafuta mkono wa mchumba wake aliukuta umebaki hewani, umeinuliwa vile vile ulivyokuwa, wa baridi, unachuruzika maji.

Akatoa simu. Kisha tochi ikawaka.

Uso wa Sindano ulikuwa umeshageukia ilipo taa.

"...jua," akasema, mikono ikaendelea pale ilipoishia, "mpaka samaki wa kwenye kopo. Mama akaniuliza huyu ni fundi au mgonjwa." Akacheka. Akatazama huku na huku. "Kha, umeme umekatika saa ngapi?"

Mapezi akaisogeza tochi kushoto, kidogo. Uso ukaifuata kushoto. Akaisogeza kulia. Ukaifuata, taratibu, bila macho kupepesa, ukitabasamu.

Ng'ambo ya meza baba mdogo alikuwa ameshika uma bila kuupeleka popote.

"Ulikata," akasema kwa sauti ndogo.

Mapezi alitazama kioo cha simu yake. Chaji ilikuwa nyekundu, ncha tu imebaki.

"Mama," akaita, "mshumaa."

"Natafuta, mkwe. Kiberiti sijui nani kakihamisha."

"Mbona unatetemeka hivyo?" Sindano akauliza, kwa huruma, na akainamisha uso wake mbele, karibu na mwanga, kama mtu anayeota moto. "Unaishika mbali. Isogeze."

Simu ikalia, ule mlio wa mwisho wa chaji. Mapezi akaisogeza.